Vibao bora vya korido za Meksiko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Korido ni nyimbo za namna gani?

Ni nyimbo za visa. Mtunzi huchukua tukio, aghalabu lililotokea kweli, akalisimulia tangu mwanzo hadi mwisho: nani, wapi, mwaka gani, ilikuwaje, na nani alibaki hai. Umbo lake lina asili katika tungo za masimulizi za Hispania. Nchini Meksiko zilishamiri karne ya 19, kisha vita vya Mapinduzi vilivyoanza mwaka 1910 vikazisambaza kila pembe, kwani watu wengi hawakujua kusoma na habari za majenerali, mapigano na walionyongwa ziliwafikia kwa njia ya wimbo.

Aliyelelewa na tenzi hatapata shida na umbo hilo. Ubeti una mishororo minne, na kila mshororo kwa kawaida una mizani 8. Tofauti iko kwenye vina: utenzi hufunga mishororo mitatu kwa kina kimoja, ilhali korido hulinganisha wa pili na wa nne, miwili mingine ikaachwa huru. Kiitikio huwa hakuna. Kisa kinaenda mbele tu.

Mbona kila albamu ya "korido bora" ina nyimbo tofauti?

Kwa sababu hakuna orodha moja inayokubaliwa na wote, na kila kampuni ya santuri hukusanya zile inazozimiliki. Kwa jumla utakutana na mikusanyiko ya aina mbili. Ya kwanza ni ya msanii au bendi moja: Los Tigres del Norte, Los Cadetes de Linares, Ramón Ayala, Antonio Aguilar. Ya pili huchanganya waimbaji wengi wa kipindi fulani. Katika aina hii ya pili, kazi iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa ni ya Arhoolie, kampuni ndogo ya California iliyoanzishwa na Chris Strachwitz mwaka 1960. Ilikusanya santuri za zamani za mpakani mwa Meksiko na Marekani, ikazitoa upya zikiwa na vijitabu vyenye maneno ya nyimbo na maelezo ya visa vyenyewe. Mkusanyiko wake wa nyimbo za Mapinduzi ulitoka mwaka 1996 ukiwa na CD nne. Kwa msikilizaji wa mbali kijitabu kina thamani sawa na muziki. Bila hicho unasikia majina ya watu yakipita tu.

Nyimbo zipi zisikosekane?

Mimi nikikuta mkusanyiko hauna "Gregorio Cortez" wala "Rosita Alvírez", ninauliza aliyeuchagua alikuwa na haraka gani. Nikiongeza mingine: "Siete Leguas", "El Moro de Cumpas", "Máquina 501", "Juan Charrasqueado" wa Víctor Cordero, na "Contrabando y traición". Wengine watadai "La banda del carro rojo" wa Paulino Vargas uingie pia, na sitabishana nao.

Ukizisikiliza kwa pamoja utaona jambo ambalo wimbo mmoja pekee hauonyeshi. Korido haiko katikati. Ina upande, na mara nyingi upande huo ni wa aliyeshindwa, aliyekufa au aliyefungwa. Maswali yanayofuata yatalionyesha hilo kwa visa vyenyewe.

Je, kisa cha Gregorio Cortez ni cha kweli?

Ni cha kweli, na kumbukumbu za mahakama zipo. Tarehe 12 Juni 1901, katika wilaya ya Karnes huko Texas, mkuu wa polisi W. T. Morris alifika nyumbani kwa akina Cortez akimtafuta mwizi wa farasi. Aliandamana na msaidizi aliyekuwa akimfasiria, na Kihispania chake kilikuwa cha kubahatisha. Wakamuuliza Gregorio kama alikuwa amebadilishana farasi dume na mtu. Akasema hapana. Hakudanganya, kwa sababu alikuwa amebadilishana farasi jike, na katika Kihispania cha wafugaji wale hao ni wanyama wawili wenye majina tofauti kabisa. Maneno yakazidi kupotoshwa, Morris akachomoa bastola, akampiga risasi kaka yake Gregorio, Romaldo. Gregorio naye akampiga Morris. Morris akafa.

Cortez alijua kwamba Mmeksiko aliyemuua mkuu wa polisi Mzungu hangefika mahakamani akiwa hai. Akakimbia kuelekea mpakani, kwanza kwa miguu, kisha kwa farasi, mamia ya kilomita, makundi ya askari na raia wenye silaha yakimfuata. Njiani mkuu mwingine wa polisi aliuawa. Baada ya siku kumi alikamatwa karibu na Laredo, hatua chache kabla ya kuvuka. Kesi zilichukua miaka, akahukumiwa kifungo, na mwaka 1913 gavana wa Texas, Oscar Colquitt, akamsamehe. Alifariki mwaka 1916.

Sasa sikiliza wimbo. Katika historia, kuna mtu aliyemuuza kwa wanaomsaka. Katika korido, Cortez anajisalimisha mwenyewe kwa heshima, na wanaomfukuza, pamoja na wingi wao na mbwa wao, wanamwogopa mtu mmoja. Walioimba walikuwa Wameksiko wa Texas, na huyo ndiye shujaa waliyemhitaji. Américo Paredes, msomi aliyezaliwa Brownsville mpakani hapo hapo, alilinganisha wimbo na nyaraka katika kitabu alichochapisha mwaka 1958, na tangu hapo hakuna anayeandika juu ya korido bila kupitia kwake.

Kwa nini toleo la zamani la wimbo huo limekatwa vipande viwili?

Kwa sababu ya santuri. Pedro Rocha na Lupe Martínez waliurekodi San Antonio mwaka 1929, na upande mmoja wa santuri ya wakati huo ulibeba takriban dakika tatu. Mtu alisikiliza sehemu ya kwanza, akainua sindano, akaigeuza sahani, akaendelea. Kisa kirefu kilihitaji pande zote mbili, na si kila kampuni ilikubali gharama hiyo.

Hapo ndipo beti nyingi zilipopotea. Kabla ya santuri, korido ziliuzwa pia kwa karatasi. Jijini Mexico, Antonio Vanegas Arroyo alizichapa kwenye karatasi za rangi za bei ya chini, zikiwa na michoro ya José Guadalupe Posada, mchoraji wa yale mafuvu yanayocheka, na karatasi haikujali wimbo una beti ngapi. Ukisoma maneno ya zamani ukakuta beti ambazo hazimo kwenye rekodi unayoisikiliza, usidhani umepotea.

Rosita Alvírez alikuwa nani, na kwa nini wimbo wake unachekesha?

Wimbo unamweka Saltillo, mwaka 1900. Mama yake anamwambia usiku huo asitoke. Rosita anajibu kwamba si kosa lake ikiwa anapenda dansi. Anafika, Hipólito anamfuata kumwomba wacheze, anakataa. Hipólito anamsihi asimwaibishe mbele za watu, Rosita anasema watu na waseme watakavyo. Bastola inatoka, risasi tatu.

Kisha msimulizi, bila kubadilisha sauti, anatuarifu kwamba siku hiyo Rosita alikuwa na bahati, kwani kati ya risasi tatu alizopigwa ni moja tu iliyomuua. Ubeti wa mwisho unawagawa: Rosita yuko mbinguni akitoa hesabu kwa Muumba, Hipólito yuko gerezani akitoa maelezo yake.

Wapo wanaosikia humo onyo kwa mabinti wasiosikia la mama. Maneno yanaruhusu tafsiri hiyo. Lakini ukiangalia nani anafanywa mdogo, ni Hipólito: mwanamume mzima aliyeua kwa sababu ya kunyimwa dansi moja. Na jina lililobaki ni la Rosita. Kicheko kile kikavu cha risasi tatu ndicho kilichoufanya wimbo udumu, kwa maoni yangu, kuliko huruma yoyote.

Farasi wengi hivi wanatafuta nini kwenye nyimbo hizi?

Kaskazini mwa Meksiko ni nchi ya wafugaji, na farasi ana jina na sifa kama mtu. Siete Leguas alikuwa farasi wa Pancho Villa, jenerali wa Mapinduzi. Wimbo wake ulitungwa na Graciela Olmos, na picha inayokaa kichwani ni ya farasi anayesikia filimbi ya treni, anasimama, analia. Majeshi ya Villa yalisafiri kwa treni, farasi pamoja na askari na wake zao, kwa hiyo filimbi ile kwa mnyama wa vita ilikuwa na maana yake.

"El Moro de Cumpas" ni habari ya michezo. Tarehe 17 Machi 1957, katika mji wa Agua Prieta, Sonora, farasi aitwaye Moro kutoka mji wa Cumpas alishindanishwa na Relámpago wa hapo hapo. Watu walimiminika kutoka kila upande na fedha zikawekwa dau. Relámpago alishinda. Leonardo Yáñez akatunga wimbo, na tazama umeitwa kwa jina la nani: la aliyeshindwa. Cumpas haikupata ushindi ila ilipata korido, na leo ni vigumu kusema nani alifaidika zaidi.

Angalizo moja: "Caballo Blanco" wa José Alfredo Jiménez, unaomfuata farasi mweupe akichechemea kutoka Guadalajara hadi Ensenada, hauhusu farasi. Lile ni gari. Ukishajua, kuchechemea kule kunasikika tofauti.

"Máquina 501" inahusu nini?

Treni. Tarehe 7 Novemba 1907, huko Nacozari, Sonora, moto ulishika kwenye mabehewa yaliyokuwa karibu na shehena ya baruti ya mgodini. Dereva wa treni, Jesús García, kijana wa miaka ishirini na kitu, hakuruka. Aliliendesha treni kulitoa mjini, na baruti ikalipuka akiwa ndani. Mji ulipona, na sasa unaitwa Nacozari de García. Siku hiyo huadhimishwa Meksiko kama siku ya wafanyakazi wa reli.

Wanawake huwa wahanga tu?

Hapana, na jibu lina jina: Camelia wa Texas. Mwaka 1974 Los Tigres del Norte, vijana wa jimbo la Sinaloa, Meksiko, waliokuwa wamehamia San Jose, California, walirekodi "Contrabando y traición" wa Ángel González. Kisa ni cha kubuni. Emilio Varela na Camelia wanavuka mpaka kutoka Tijuana, matairi ya gari yamejazwa bangi. Wanasimamishwa njiani na maofisa wa uhamiaji, wanahojiwa, wanaachiwa. Wanafika Los Angeles, wanabadilisha matairi kwenye uchochoro wenye giza Hollywood, wanalipwa. Emilio anampa Camelia fungu lake na kumwambia kwamba kwa fedha hizo anaweza kuanza maisha upya. Emilio mwenyewe anakwenda San Francisco kwa mwanamke aliye mwenye moyo wake.

Risasi saba. Polisi wanaikuta bastola imetupwa. Fedha na Camelia, hakuna aliyejua zilikoishia.

Wimbo uliwafanya Los Tigres kuwa wafalme wa aina hii, na wasikilizaji walidai kujua mengine, hadi ikabidi watoe wimbo mwingine wa kumtafuta Camelia, na mwingine wa mwanawe. Kama albamu yako inazo zote tatu, zisikilize kwa mfuatano wake.

Ala gani zinasikika?

Inategemea nani anaimba. Mtindo wa kaskazini, ambao ndio nyumba ya korido nyingi zilizorekodiwa, unaongozwa na kodiani ya vitufe na gitaa nene la nyuzi 12 liitwalo bajo sexto, pamoja na besi na ngoma. Kodiani ililetwa katika karne ya 19 na wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki waliofika Texas na kaskazini mwa Meksiko, na polka zao ndizo chanzo cha mapigo mawili mawili ya haraka unayoyasikia. Nyingine huenda kwa mapigo matatu, polepole.

Antonio Aguilar alipenda kuimba na bendi ya mariachi au na bendi za matarumbeta, klarineti na tuba za Sinaloa. Rekodi za miaka ya 1920 na 1930 mara nyingi ni sauti mbili na gitaa basi. Hizo ndizo ninazozipenda zaidi, maana hakuna kinachomficha msimulizi.

"La Cucaracha" na "La Adelita" mbona hazimo?

Wakati mwingine zimo, hasa kwenye albamu za watalii. Ni nyimbo za wakati wa Mapinduzi, lakini hazisimulii tukio hatua kwa hatua. Ya kwanza ni beti za mzaha zinazoongezwa kila mtu apendavyo. Ya pili ni wimbo wa mapenzi wa askari.

Ni kweli korido ni nyimbo za wauza dawa za kulevya?

Tawi moja ndilo hivyo, na limekua kiasi cha kuufunika mti. Magendo yaliimbwa mpakani tangu zamani, wakati kilichovushwa kilikuwa pombe. Baada ya mafanikio ya Camelia, watunzi wengi walihamia huko. Wakati wa Los Tigres kisa bado kilikuwa kisa, na majina mara nyingi yalikuwa ya kubuni.

Chalino Sánchez alibadilisha mambo. Alikuwa mhamiaji wa Sinaloa aliyeishi Los Angeles, na alitunga korido kwa oda: mteja analeta majina, mahali na sifa anazotaka zitajwe, analipa, anaondoka na wimbo wake. Kaseti zake ziliuzwa masokoni na kwenye magari kabla redio haijamjua. Sauti yake ilikuwa kavu, hata yeye alikiri hakuwa mwimbaji mzuri, lakini watu walimsadiki. Januari 1992 alirushiana risasi na mtu jukwaani huko Coachella, akapona. Mei mwaka huo huo, baada ya onyesho Culiacán, alitekwa na kuuawa akiwa na miaka 31. Baada ya hapo waliomuiga hawakuhesabika.

Serikali zimejaribu kuzipiga marufuku. Sinaloa ilizizuia kwenye baa mwaka 2011, Tijuana ikazikataza hadharani mwaka 2023. Aprili 2025, kwenye maonyesho ya Texcoco, mwimbaji Luis R. Conriquez alipokataa kuimba za namna hiyo, watu walipanda jukwaani wakavunja vyombo. Siamini marufuku inaweza kuumaliza wimbo ambao kila mtu anao kwenye simu, lakini pia siwezi kumlaumu mkazi wa mji unaozika vijana kila wiki kwa kutotaka kumsikia muuaji wao akisifiwa.

Je, nyimbo za waimbaji wa siku hizi kina Peso Pluma ni korido?

Zinaitwa hivyo. Vijana kama Natanael Cano walichanganya gitaa na tuba za kwao na mwenendo wa hip-hop, na mwaka 2023 "Ella baila sola" wa Eslabon Armado na Peso Pluma uliingia kumi bora za Marekani, jambo ambalo kina Rocha na Martínez wasingelifikiria. Muziki wenyewe ni mtamu. Ila wimbo huo ni wa kumsifia msichana anayecheza peke yake: hakuna tarehe, hakuna kisa. Kwa mtu anayetafuta masimulizi, nyingi kati ya hizi zimebaki na jina tu.

Nitasikilizaje kama sijui Kihispania?

Anza na ubeti wa kwanza. Hapo ndipo huwekwa mwaka, mahali na jina. Ukisikia *mil novecientos*, ni 1900 na kitu. Jina la mtu litarudiwa, hivyo utaweza kumfuata. Mistari ya mazungumzo hutofautiana kidogo na ya msimulizi, na kwa waimbaji wazuri utajua nani anaongea hata bila maneno. Ukisikia *despido* au njiwa akiambiwa aruke, kisa kimeisha na msimulizi anaaga. Maneno ya nyimbo mashuhuri yanapatikana mtandaoni, na programu za kutafsiri zinatosha kwa kufuata kisa, ingawa mafumbo ya kaskazini huzishinda.

Nitajuaje kwamba mkusanyiko si wa kulipua?

Tazama mwaka wa rekodi. Wasanii wengi walirekodi upya vibao vyao miaka mingi baadaye kwa kampuni nyingine, sauti imechoka na kinanda cha umeme kimeingizwa pasipohitajika, kisha zikauzwa kama "asilia". Kwa Los Cadetes de Linares hakikisha unapata zile za Homero Guerrero na Lupe Tijerina. Guerrero alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1982, na kundi liliendelea kwa sura tofauti.

Tazama pia jina la mtunzi. Kama limeandikwa D.A.R., maana yake haki zimehifadhiwa, lakini mtunzi hakutajwa. Wimbo mmoja au miwili ya hivyo ni kawaida, kwa kuwa korido nyingi za kale hazina mwenyewe. Ikiwa albamu nzima iko hivyo, hata nyimbo zenye watunzi wanaojulikana, aliyeikusanya hakujali.

Nianze na ipi?

"Rosita Alvírez", kwa kuwa ni fupi na kisa chake kinaeleweka mara moja. Kisha Camelia na matairi yake. Baadaye Moro, halafu Siete Leguas. Ile "Gregorio Cortez" ya 1929 ina mikwaruzo na itakusumbua mwanzoni, kwa hiyo iache hadi masikio yazoee, na hakikisha programu unayotumia imeweka sehemu zote mbili, maana baadhi huweka ya kwanza peke yake.

Zinachezeka?

Sana. Zile za mapigo mawili huchezwa watu wawili wawili wakiwa wameshikana, harusini na kwenye sherehe za kuzaliwa, hata kama aliyeimbwa anazikwa ubeti unaofuata.